Miche ya nyanya mwezi wa nne: duka limefungua, baridi haijaondoka

Najua wengine mko kafe na dakika zinakimbia, kwa hiyo leo majibu yanatangulia na maelezo yanafuata. Mada ni ndogo ila imekula hela za Waswahili wengi huku ughaibuni: kununua miche ya mboga dukani kabla msimu wake haujafika. Nimeandika zaidi kuhusu Uingereza ninakoishi, nimegusa Ujerumani, Kanada na Marekani, na mwishoni nimerudi nyumbani, maana Makete na Kericho nao wanaijua shughuli hii.

Inakuhusu kama unakuja kusoma au kuishi huku na umeshaambiwa bei ya mchicha. Inakuhusu kama dada yako yuko Leicester au Minneapolis na kila Aprili anakupigia simu akilalamika kwamba nyanya zake zimekufa tena. Na kama wewe ni wa Njombe unayetaka kuanzisha kitalu, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho.

KWA WENYE HARAKA (kopi, mtumie ndugu yako, endelea na mambo yako)

1. Duka kuuza mche leo hakuna maana kwamba mche unaweza kulala nje leo.
2. Tazama joto la usiku, achana na jua la mchana. Nyanya ilale nje usiku ukishakuwa juu ya nyuzi 10 za Sentigredi mfululizo. Pilipili, bilinganya na bamia zinataka joto zaidi ya hapo.
3. Kwa sehemu kubwa ya Uingereza hiyo ni mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Pasaka haihusiki.
4. Mche wa dukani umelelewa ndani. Uzoeshe nje kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 14 kabla ya kuupanda.
5. Ukikosea, hasara ni yako. Duka limeshapokea hela, na mwezi ujao litakuuzia tena.

Wenye muda, tuendelee.

ILIVYOTUKUTA

Mwaka wangu wa pili huku nilikuwa nabeba maboksi usiku, mchana nalala. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Tanga aliyekuja kukaa na mwanawe. Siku nzima yumo ndani, lugha haijakaa, televisheni haielewi, wajukuu wako shule. Bahati ikaja: mwanawe alikuwa ameandikisha jina halmashauri miaka miwili nyuma, zamu yao ikafika, wakapewa kipande cha shamba la kukodi. Waingereza wana utaratibu huo, viwanja vya kulima mboga kwa watu wa mjini. Kiwanja kizima kwa kipimo chao cha zamani ni kama mita za mraba 250, ila siku hizi wengi hupewa nusu. Mama alibadilika usoni siku ile. Alisema sasa amepata pa kwenda.

Jumamosi moja katikati ya Aprili, jua linawaka, watu wamevaa kaptula, nikampeleka kwenye duka la bustani. Mlangoni tu meza ndefu imejaa miche: nyanya zenye maua tayari, hoho, maboga, matango. Nikamwambia, "Mama, chukua tu, msimu ndiyo huu." Akachukua nyanya 12, hoho sita na maboga manne. Zaidi ya pauni 50, na hizo zilikuwa hela zake mwenyewe alizokuwa anaziweka kidogo kidogo amtumie mdogo wake Pangani.

Jumapili tukapanda. Kiwanja cha jirani alikuwepo mzee mmoja wa Kiingereza, kwake kuna vitunguu na njegere tu, pengine pote udongo mtupu. Akatutazama muda, kisha akasema kwa upole kwamba ni mapema kidogo. Mama akaniuliza kasema nini. Nikamfasiria: "Anasema tumewahi." Mama akafurahi! Si unajua Kiswahili chetu, kuwahi ni sifa. Aliyewahi kapata kiti kwenye daladala, aliyechelewa kasimama. Mama akamshukuru yule mzee, akaendelea kumwagilia.

Jumatano asubuhi natoka zamu saa kumi na mbili, naona vioo vya magari vina weupe. Moyo ukapiga. Nilipofika shambani, miche yote imelala chini, majani meusi na mateketeke kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Mama alikuja baadaye na birika lake la kumwagilia. Akashika jani moja, likamkatikia mkononi. Hakusema neno, na kwa wiki mbili hakurudi tena shambani.

Mimi ndiye niliyemwambia achukue, kwa hiyo nikaanza kusoma na kuwauliza wale wazee wa viwanjani. Haya yanayofuata ndiyo niliyojifunza.

MCHE LAINI NI UPI, MCHE NGANGARI NI UPI

Mboga ziko makundi mawili, na duka huyaweka meza moja bila kukwambia.

Laini (baridi ya usiku mmoja inaziua): nyanya, hoho, pilipili, bilinganya, nyanya chungu, bamia, tango, maboga ya kila aina, maharage, mahindi, mchicha, matembele, na rihani. Ukiangalia asili yake utaelewa. Nyanya, pilipili, maboga, maharage na mahindi zilitoka bara la Amerika, kwenye nchi za joto. Tango na bilinganya zilitoka Asia. Zote ni wageni kwenye baridi, kama sisi.

Ngangari (zinavumilia baridi ya kawaida): kabichi, sukuma wiki, vitunguu maji, vitunguu saumu, njegere, spinachi, figili. Hizi unaweza kuzinunua Machi au Aprili na kuzipanda bila hofu kubwa. Sukuma wiki ndiyo kabisa, baridi ikiipiga majani huwa matamu zaidi kwa sababu mmea hutengeneza sukari ya kujikinga.

Viazi mviringo viko katikati. Huku hupandwa Machi na Aprili kwa sababu kiazi kimejificha ardhini, lakini majani yake ni laini. Baridi ikiyaunguza, mara nyingi machipukizi mapya hutoka tena chini. Nyanya haina akiba ya namna hiyo, ikiungua hadi shinani umemaliza.

Kwa hiyo mtu anayekwambia "mbona jirani amepanda na hazijafa?" muulize kwanza jirani kapanda nini.

BARIDI INAFANYA NINI HASA

Kuna madhara ya aina mbili, na watu wengi wanajua moja tu.

La kwanza ni jalidi. Jalidi ni unyevu wa hewani unaoganda, ule weupe kama chumvi unaouona alfajiri juu ya majani na vioo. Joto la jani likishuka chini ya sifuri, maji yaliyo katikati ya seli huganda, na barafu hiyo huvuta maji mengine kutoka ndani ya seli. Kuta laini za ndani zinapasuka. Jua likitoka barafu inayeyuka, na kilichobaki ni jani lililolowa, jeusi, lisilosimama. Ndicho tulichokiona shambani kwa Mama.

La pili halina kelele na ndilo linalowalaghai wengi. Mimea ya asili ya joto huumia hata bila kuganda, kuanzia nyuzi 10 au 12 kushuka. Mizizi inashindwa kuvuta maji vizuri kwenye udongo baridi. Inashindwa pia kuvuta fosforasi, ndiyo maana majani ya nyanya yanageuka zambarau upande wa chini. Mche haufi, ila unadumaa. Unautazama wiki tatu, uko vilevile. Maua yaliyokuja nayo kutoka dukani yanadondoka, kwa sababu usiku ukiwa chini ya nyuzi 13 hivi nyanya haishiki tunda vizuri.

Hapo watu hufanya kosa la pili: wanaona mche umenyong'onyea, wanadhani una kiu au njaa, wanaumwagia maji na mbolea. Udongo baridi uliolowa muda wote unaozesha mizizi. Yaani unaumaliza kwa huruma.

"UTABIRI ULISEMA NYUZI 3, MBONA IMEGANDA?"

Swali zuri, na nililiuliza mimi mwenyewe.

Joto unaloambiwa kwenye utabiri wa hali ya hewa linapimwa kwenye kisanduku cheupe chenye kivuli, juu ya ardhi. Uingereza kipimo kinakaa mita 1.25 kwenda juu. Mche wako haupo huko, uko sentimita 15 kutoka kwenye udongo. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi inatoa joto lake kwenda angani na hakuna blanketi la kulirudisha. Hewa ya karibu na ardhi inakuwa baridi kuliko ya juu. Kisanduku kinasoma nyuzi 2 au 3, na huku chini majani yako yameshaganda. Ndiyo maana idara ya hali ya hewa ya Uingereza hutofautisha jalidi ya hewani na jalidi ya ardhini.

Kutokana na hilo, shika mambo manne:

- Usiku wa mawingu una nafuu. Usiku wa nyota nyingi na utulivu ni wa hatari. Mchana mzuri wa jua huko Aprili mara nyingi ndio unaozaa usiku wa namna hiyo.
- Utabiri ukisema nyuzi 4 au chini na anga safi, wewe hesabu kwamba jalidi ipo.
- Hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji. Kiwanja kilicho bondeni huganda kabla ya kile cha kilimani.
- Ukuta wa matofali uliopigwa na jua mchana unatoa joto usiku. Mche ulioegemea ukuta unaweza kupona wakati wa katikati ya uwanja unakufa.

Saa mbaya kabisa ni alfajiri, jua likikaribia kuchomoza. Ukichungulia nje saa nne usiku ukaona kuko poa, bado hujamaliza.

SASA KWA NINI DUKA LINAUZA MAPEMA?

Wengine huku wanasema wazungu wanatuingiza mjini. Hapana, wazungu wenyewe wanaingizwa mjini kila mwaka. Sababu ni za biashara tu.

Miche inaoteshwa kwenye vitalu nyumba vyenye joto na taa, ambamo Februari na Juni ni sawasawa. Kwa hiyo kuwa na mche mkubwa wenye maua mwezi wa nne si shida. Halafu mteja naye: hanunui kwa kusoma kipimajoto, ananunua jua linapotoka. Wikiendi ya kwanza ya jua baada ya miezi mitano ya kiza, kila mtu anataka kushika udongo. Pasaka inakuja na mapumziko ya siku nne. Duka lisiloweka miche wiki hiyo linawapoteza wateja kwa jirani yake.

Sasa angalia hasara inakwenda wapi. Mche ukifa mezani dukani, hasara ni ya duka. Ukifa kwako baada ya siku nne, hasara ni yako, na mwezi wa tano unarudi kununua mwingine. Mtu mmoja, mche uleule, malipo mara mbili. Sisemi kuna mwenye duka aliyekaa na kupanga hivyo. Nasema hakuna anayepata hasara kwa kutokukwambia.

Mara nyingi hata kibandiko kwenye kopo kinasema ukweli, kwa herufi ndogo: panda nje baada ya hatari ya jalidi kwisha. Duka limeshajitoa. Kinachokushawishi ni meza iliyopangwa mlangoni, na meza hiyo haina herufi ndogo.

MIAKA ILIYOWAFUNDISHA WATU ADABU

Usidhani jalidi ya kuchelewa ni jambo la nadra.

Marekani, 2007: Machi ilikuwa ya joto sana, mimea ikachipua mapema. Wiki ya Pasaka, mwanzoni mwa Aprili, baridi kali ikashuka mashariki na kusini mwa nchi. Ngano, mapera ya kizungu, pichi na mboga ziliungua, hasara ikahesabiwa kwa mabilioni ya dola.

Uingereza, 2020: Ijumaa tarehe 8 Mei ilikuwa siku ya mapumziko, jua kali, na watu wamefungiwa nyumbani kwa sababu ya korona, kila mtu amegeuka mkulima. Siku chache baadaye jalidi ikaingia mpaka kusini mwa England, hata mashamba ya mizabibu yakaumia. Hiyo ni katikati ya Mei, ndugu yangu, sizungumzii Machi.

Uingereza, 2021: Aprili ile ilikuwa na wastani wa siku 13 za jalidi ya hewani, nyingi kuliko Aprili nyingine yoyote tangu rekodi hizo zianze mwaka 1960. Mwezi huohuo Ufaransa wakulima wa zabibu waliwasha mioto na mishumaa mashambani usiku kucha kuokoa machipukizi, na bado wengi walipoteza.

Kama mtu mwenye hekta za mizabibu na wataalamu wake anapigwa, wewe na kopo lako la nyanya je?

TAREHE ZA KUSHIKA

Hizi ni za mazoea, hazina dhamana. Joto la usiku wa kwako ndilo lenye kauli ya mwisho.

Kusini mwa England na miji mikubwa: jalidi ya mwisho huwa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Miji huwa na joto kidogo kuliko vijiji.

Kati na kaskazini mwa England: katikati hadi mwisho wa Mei.

Scotland na sehemu za miinuko: mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Juni.

Ujerumani na majirani zake: wazee wana kitu wanakiita Watakatifu wa Barafu, siku za kuanzia tarehe 11 hadi 15 Mei. Mtakatifu wa mwisho ni Sophie, naye huitwa "Sophie wa baridi". Kanuni yao: Sophie akishapita, toa nyanya nje. Kama kanuni ya hali ya hewa ina mapungufu, ila kama breki ya kuzuia haraka ni nzuri sana.

Kanada: sehemu nyingi husubiri wikiendi ndefu ya Victoria Day, ile Jumatatu inayotangulia tarehe 25 Mei.

Marekani: nchi ni kubwa, usichukue ushauri wa jimbo lingine. Minnesota wengi hungoja hadi nusu ya pili ya Mei. Houston wanapanda nyanya kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Machi, na adui wao ni kuchelewa, kwa sababu joto kali la kiangazi linadondosha maua. Halafu usichanganye mambo: zile "zoni" zenye namba kwenye ramani ya wizara ya kilimo ya Marekani zinaonyesha ukali wa baridi ya kipupwe, ili ujue mti gani utapona. Hazikwambii jalidi ya mwisho itakuja lini. Kule wanasoma Farenhaiti: 32 ndiyo kuganda, 50 ndiyo nyuzi 10 zetu.

UMESHANUNUA? BASI FANYA HIVI

Mche mkononi, tarehe bado. Usiutupe.

Uweke ndani, dirishani penye mwanga mwingi. Nafasi ikiwa ndogo na mwanga hafifu mche utarefuka kama mlingoti na kuwa dhaifu, kwa hiyo ugeuze kila siku na usiuweke juu ya hita. Ukizidi kopo lake, uhamishie kwenye kopo kubwa zaidi. Nyanya unaweza kuizika hadi karibu na majani ya chini, shina lake linatoa mizizi mipya. Usifanye hivyo kwa tango wala maboga, shina lake linaoza kirahisi.

Kisha ukomaze, siku 7 hadi 14:

Siku ya 1 hadi ya 3: toa nje mchana saa mbili tatu, kivulini, pasipo upepo. Rudisha ndani.
Siku ya 4 hadi ya 7: ongeza muda, anza kuonja jua la asubuhi. Usiku ndani.
Siku ya 8 kuendelea: nje mchana kutwa. Usiku ukiwa juu ya nyuzi 10, uache nje karibu na ukuta.

Ukiruka hatua hii, hata bila jalidi, jua na upepo vitababua majani yakawa meupe kama karatasi. Mche uliolelewa ndani haujawahi kupigwa na jua halisi. Ni kama kumtoa mtoto wa ghorofani na kumkabidhi jembe saa sita mchana.

Usiku wa hatari ukikukuta umeshapanda: mwagilia udongo mapema mchana, maana udongo wenye unyevu unatunza joto kuliko mkavu. Jioni, kabla ardhi haijapoa, funika. Kuna kitambaa cheupe chepesi kinachouzwa kwa kazi hiyo, kinaongeza nyuzi mbili tatu. Hakipo? Shuka kuukuu, gazeti, boksi, ndoo iliyogeuzwa, vyote vinasaidia. Plastiki isiguse majani, panapogusa ndipo panapoungua. Asubuhi funua.

Umeungua tayari? Usiung'oe siku hiyohiyo. Subiri siku tatu au nne. Kama shina la chini bado ni kijani na gumu, huenda likachipua. Kama limelainika lote, pole.

UKIWA DUKANI: MACHO YAWE MAWILI

Wakati wake ukifika, usichague mche mrefu wala wenye maua na matunda. Chagua mfupi, mnene wa shina, kijani iliyokolea, usio na maua. Geuza majani utazame wadudu upande wa chini. Chungulia chini ya kopo: mizizi ikiwa imejizungusha kama tambi, mche umekaa sana.

Majani yenye madoa ya kahawia yenye unyevu, acha mezani. Mwaka 2009 kaskazini mashariki mwa Marekani, ugonjwa wa bakajani chelewa ulisambaa pamoja na miche ya nyanya iliyouzwa kwenye maduka makubwa, ukaingia bustani za watu na mashamba ya wakulima. Mche wa bei nafuu ukaambukiza mtaa mzima.

Uliza pia swali moja: "Hii imekaa nje usiku, au imetoka ndani?" Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu papo hapo. Anayebabaika umeshamjua.

"LAKINI NIKISUBIRI SITACHELEWA?"

Hapana. Nyanya iliyopandwa Aprili ikadumaa wiki tano, na nyanya iliyopandwa mwisho wa Mei kwenye udongo wenye joto, mara nyingi ya pili huipita ya kwanza. Kuanzia kupanda mche hadi tunda la kwanza kuiva ni kama siku 60 hadi 80 kutegemea mbegu. Piga hesabu: mwisho wa Mei, utavuna Agosti. Septemba bado unavuna. Chagua aina zinazowahi kuiva, hasa zile ndogo ndogo, maana jalidi inarudi Oktoba. Tahadhari ni kwamba kusubiri kuna mwisho: bamia iliyopandwa Julai huku ni mapambo.

NA NYUMBANI JE?

Usicheke ukiwa Dar, umekaa kwenye feni. Makete, Kitulo na miinuko ya Njombe jalidi inashuka Juni hadi Agosti, na viazi na mboga vinaungua. Kenya, Januari 2012, jalidi iliunguza chai Kericho. Kwa hiyo kijana wa Njombe unayeuza miche ya nyanya Mei kwa mtu atakayeipanda wazi, mwambie ukweli. Atarudi kwako mwaka ujao kwa sababu ulimwambia.

Na hata pasipo na jalidi, kila mkulima wetu anaijua mvua ya kudanganya: inanyesha siku mbili, watu wanapanda, kisha jua la wiki tatu linachoma kila kitu. Wazee walingoja ardhi ilowe mpaka chini ndipo wapande. Jua la Aprili huku Uingereza ni ile ile mvua ya kudanganya, imevaa koti tu.

Namalizia na Mama. Mwezi wa sita mwanawe alimbembeleza, akapanda upya miche sita tu. Agosti alinigongea mlango na mfuko wa nyanya. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, yule mzee hakutusifia."

Mwaka uliofuata, Aprili, jua linawaka, tulipita mbele ya duka lilelile. Mimi nikapunguza mwendo. Yeye hakugeuza hata shingo.

Haya wadau, uwanja wenu hapo chini. Taja mji ulipo, ulipanda tarehe ngapi, na jalidi ya mwisho uliiona lini. Wa Makete na Nyandarua msikae kimya, nyie ndio wataalamu. Anayejua dawa ya konokono asiondoke bila kuandika, maana wametumaliza.